Bahasha za Bi Chenji

Bi Chenji aliporudi nyumbani kwake asubuhi ile, goti limefungwa bendeji na mkoba uko begani, kitu cha kwanza kumpokea mlangoni kilikuwa sanduku la magurudumu. Jipya, jeusi, limesimama kama mgeni asiyejua akae wapi. Nyuma yake lilikuwapo la pili, pacha wake.

Alikuwa amekaa wiki mbili kwa dada yake, karibu na hospitali, akinyooshwa goti. Wiki mbili tu. Kumbe nyumba ukiipa kisogo wiki mbili, inazaa masanduku.

"Siku ya kwanza tunafika, tunapumzika," sauti ilikuwa ikisema sebuleni. "Siku ya pili ni ufunguzi. Siku ya tatu wewe unakaa mezani, mimi nazunguka. Siku ya nne mimi nazunguka, wewe unakaa mezani."

"Na siku ya tano, baba mdogo?"

"Siku ya tano nitakuwa nimechoka kuzunguka. Utakaa mezani."

Wa kwanza alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Watu wote walimwita Mwalimu, maana alifundisha hadi akastaafu, na mpaka leo alishika kalamu kama anayeshika chaki. Wa pili alikuwa mwanawe mwenyewe, Mhasibu, aliyekuwa akiishi naye nyumba moja. Meza ya kulia ilikuwa haionekani. Juu yake palikuwa na ramani ya mji wa mbali, picha za hoteli, na kalenda yenye siku tano zilizozungushiwa wino mwekundu.

Bi Chenji alizitambua siku zile tano. Maonyesho ya sarafu! Kumbe wamekubaliwa!

Habari ya maonyesho hayo aliijua. Ni makubwa, watu huja na sarafu zao kutoka kila pembe ya dunia, na mwaka huu waandaaji walitenga meza chache kwa watu wa kawaida, wasio matajiri wala wasomi. Mjukuu wake wa kike, mchapaji katika duka la vitabu na kadi, ndiye aliyepiga picha sarafu kumi na mbili za bibi yake akazituma. Akaweka anwani ya ofisini kwa baba yake, kwa sababu ndiyo inayofunguliwa kila siku. Tangu hapo Bi Chenji hakulala vizuri. Kule kwa dada yake, kila ngazi aliyopandishwa na mkandaji wa goti aliipanda akijiambia hii ni ya ndege, hii ni ya hoteli, hii ni ya ukumbi. Na ndani ya mkoba ule begani mlikuwa na viatu vipya, vya kisigino kifupi, alivyovinunua kwa ajili ya sakafu za huko.

"Mnakwenda wangapi?" aliuliza akiwa bado mlangoni.

"Mama! Umerudi!" Mhasibu aliinuka, akampokea mkoba. "Tulitaka tukushtukize. Tumepata meza! Wanaruhusu watu wawili kwa meza."

"Wawili akina nani?"

Wanaume wakatazamana, wakacheka, kama vile ameuliza kwa nini maji ni maji.

"Shemeji," alisema Mwalimu, "na goti hilo? Ule ukumbi ni viwanja vitatu vya mpira. Wewe pumzika. Sisi tutakwenda kumwakilisha kaka. Sarafu za kaka zitasimama mbele ya dunia!"

Sarafu za kaka. Bi Chenji aliyasikia maneno hayo yakishuka kooni kama mfupa wa samaki. Aliketi, akanyoosha goti, akasubiri mfupa ushuke. Haukushuka.

"Na hujaona bado," alisema Mhasibu. Alitoka chumbani amekumbatia kitabu kikubwa cha ngozi ya bandia, akakiweka mapajani mwa mama yake kama anayemkabidhi mtoto mchanga. "Fungua."

Alifungua. Kurasa zilikuwa za plastiki, kila ukurasa una vifuko ishirini, kila kifuko kina sarafu. Kubwa zimetangulia, ndogo zimefuata. Nyeupe upande huu, nyekundu upande ule. Zimepangwa kama askari wa gwaride, wasiojuana majina.

"Zilikuwa kwenye bahasha," Bi Chenji alisema polepole.

"Zile karatasi kuukuu? Mama, zilikuwa zinanuka vumbi! Waandaaji waliandika zije katika vifuko vyake. Ndipo nikanunua albamu hii. Tumefanya kazi siku tatu, mimi na baba mdogo."

"Bahasha ziko wapi?"

"Tulizitia kwenye mfuko wa taka."

"Mfuko uko wapi?"

Mhasibu alimwangalia Mwalimu. Mwalimu aliangalia ramani.

"Gari la taka lilipita jana," alisema Mhasibu.

Sasa, msomaji, ili uijue hasira iliyompanda mama huyu, inabidi urudi nami kwenye dirisha.

Bi Chenji alikuwa mkata tiketi kituo cha treni, miaka thelathini na mmoja, dirisha namba mbili. Jina hilo alipewa na abiria. "Chenji yangu, bibi! Chenji!" Likaganda. Treni zile zilipita mipaka, na watu wa kila nchi walifika dirishani na pesa za kila nchi. Wengine walichanganya kwa bahati mbaya. Wengine walikuwa wajanja: katikati ya sarafu tano halali wanachomeka moja ya kwao, au moja iliyokufa tangu enzi za mfalme fulani, wanasukuma, wanatabasamu, treni inapiga honi, wamekwenda. Jioni msimamizi akikagua, sarafu ile haihesabiwi. Bi Chenji anatoa ya kwake mfukoni, anafidia. Na ile ya kigeni inakuwa mali yake, apende asipende.

Mwingine angezitupa. Yeye alizitia moja moja katika bahasha ndogo za kaki, zile za kutilia chenji. Na kwa kuwa hakuwa msomi, darasa la saba tu, na hakujua habari za miaka ya sarafu na majina ya wafalme, juu ya kila bahasha aliandika kitu alichokijua tangu utotoni. Aliandika kitendawili. Si cha sarafu. Cha mtu aliyeileta.

*Amenichekea kwa meno, ameniuma kwa kidole.* Huyo alikuwa muuza manukato, aliyeficha sarafu mbovu chini ya kidole gumba.

*Amelia kwangu, ameshukia kwao, chozi lake ninalo.* Huyo alikuwa mama aliyekwenda kuzika. Bi Chenji aliiona kabisa sarafu yake kuwa si ya hapa, akaipokea hivyo hivyo.

*Mfalme hana miguu, amevuka nchi saba.* Hicho, kwa mara moja, kilikuwa cha sarafu yenyewe.

Bahasha mia mbili na kumi na nne. Mumewe, fundi saa, alipenda kuwaonyesha wageni, akizimwaga mezani na kusimulia kwa sauti kubwa. Wageni waliondoka wakisema, "Mzee ana sarafu!" Bi Chenji alikuwa jikoni akichemsha chai ya wageni hao. Hakuwahi kubisha. Kosa lake ndilo hilo, na sasa lilikuwa limemkalia mapajani limevaa ngozi ya bandia.

Lakini bahasha moja ilikuwa peke yake. Sarafu yake ni ndogo, ina tundu katikati, haina thamani hata ya pipi. Aliileta kijana mmoja mwenye mikono ya mafuta, na Bi Chenji alimkimbilia hadi kwenye behewa kumdai nauli yake. Kijana alishuka, treni ikamwacha. Walioana mwaka uliofuata. Juu ya bahasha ile Bi Chenji aliandika: *Alinidanganya mara moja, nikamlisha miaka yote.* Na nyuma yake, kwa mwandiko wa mkono uliozoea vijiparafujo vidogo, mumewe aliandika jibu: *Ni mimi huyo.*

Maneno matatu. Hakuacha barua nyingine duniani.

Bi Chenji alifunua kurasa za plastiki, moja, ya pili, ya tatu, mpaka akaiona sarafu yenye tundu. Ilikuwa mstari wa mwisho, pamoja na ndogo nyingine. Aliichomoa.

"Mama, utaharibu mpangilio," alisema Mhasibu.

"Nimeharibu mimi?"

Hakupaza sauti. Wanaomjua wanajua kwamba akipiga kelele hakuna neno, na akinong'ona tafuta pa kujificha.

"Nimeharibu mimi? Nimekuzaa, nimekusomesha kwa kukaa kwenye kiti cha mbao mpaka makalio yakafa ganzi, ukajua kuhesabu. Sasa hesabu. Kila sarafu iliyomo humu nimeilipia mfukoni mwangu. Baba yako alilipia ngapi?"

"Mama, mimi sikusema—"

"Hukusema. Umetenda. Na wewe, Mwalimu, miaka arobaini unawafundisha watoto kusoma. Bahasha mia mbili na kumi na nne zina maandishi. Hukusoma hata moja?"

"Nilisoma, shemeji," alijibu Mwalimu, akijikuna shingo. "Nikaona ni vitendawili tu. Mambo ya watoto. Nikasema watu wa kimataifa watatucheka."

"Hata ile yenye mwandiko wa kaka yako?"

Mwalimu alirudishia kalamu kifuniko chake. "Nyuma sikugeuza," alisema.

Bi Chenji aliinuka na goti lake, akaingia jikoni. Huko aliosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa. Akavikausha. Akaviosha tena. Sebuleni walikuwa wakinong'ona kwamba ni uchovu wa safari, ni dawa za goti, atatulia. Yeye alikuwa akiisugua sufuria kama imemtukana mama yake.

Mjukuu alifika saa sita, wakati wa mapumziko ya kazini, vidole vimejaa wino. "Bibi yuko wapi? Nimekuja na barua!" Aliingia jikoni, akamkumbatia, akarudi nyuma kumtazama. "Kuna nini? Mbona sufuria inang'aa hivyo?"

"Wamezitupa," alisema Bi Chenji.

"Nini?"

"Bahasha."

Binti aligeuka akaenda sebuleni, na Bi Chenji akamfuata akijifuta mikono, maana kuna mambo mtu hapaswi kuyasikilizia ukutani.

"Baba," alisema binti, "ile barua ya waandaaji uliisoma yote?"

"Niliisoma. Wametukubali, vitu vije katika vifuko vyake, majina mawili yafike kwao kabla Ijumaa haijaisha."

"Huo ni ukurasa wa kwanza. Leo wamenitumia nakala kwa sababu hukuwajibu. Ina kurasa mbili." Alikunjua karatasi, akaanza kutafsiri taratibu, kidole kikifuata mistari. "'Tunapenda kueleza wazi kuwa sarafu zenyewe ni za kawaida, na nyingi tunazo hapa. Kilichotufanya tuchague meza hii ni vifuko vya karatasi vyenye maandishi vinavyoonekana katika picha, ambavyo hatujapata kuona mfano wake popote. Tafadhali msizitenganishe sarafu na vifuko vyake. Aidha tunamwalika mwandishi wa maandishi hayo awaelezee wageni.'"

Hata friji ilikata mngurumo wake, kama nayo inasikiliza.

"Vifuko vyake," alisema Mhasibu, akiitazama albamu. "Vifuko. Mimi nikadhani…"

"Ulidhani," alisema Bi Chenji.

Basi hapo ndipo walipoanza kuwa watamu. Mwalimu alivuta kiti. "Keti, shemeji yangu, goti." Mhasibu akaleta mto. Wakamwambia jambo hili si kubwa, bahasha za kaki zinauzwa dukani, yeye anavikumbuka vitendawili vyote, si ndiyo? Basi aviandike upya, kesho na kesho kutwa, nao watavibeba kwa uangalifu kama mayai.

"Mtavibeba ninyi," alisema Bi Chenji.

"Ndiyo, mama. Tiketi zimeshakatwa."

"Na mgeni akiuliza maana, atajibiwa na nani?"

"Utatuandikia majibu pembeni," alisema Mwalimu. "Kama mwongozo wa mtihani."

Mjukuu aliweka mkono mdomoni. Mtu akikukanyaga bila kujua, unamsamehe. Huyu amekukanyaga, umelia, naye anakuomba umshikie kiatu.

"Siandiki," alisema.

"Mama!"

"Andikeni wenyewe. Si ni mambo ya watoto?"

Mwalimu hakuwa mtu wa kukimbia mtihani. Alichukua kalamu na karatasi, akachomoa sarafu moja kubwa, akaigeuzageuza, akaandika, akasoma kwa kujiamini: "'Mimi ni mviringo, nimetengenezwa kwa shaba, nina picha ya ndege.'"

"Hicho ni kitendawili au ni cheti cha kuzaliwa?" aliuliza mjukuu.

"Wewe nyamaza, watu wazima wanafikiri." Akajaribu ya pili. "'Nyumba yangu haina mlango.'"

"Hilo ni yai, Mwalimu," alisema Bi Chenji. "Sijawahi kukatia yai tiketi."

Mhasibu alikuwa ameinamisha kichwa. Alikuwa ameanza kuzitoa sarafu kwenye vifuko vya plastiki, moja moja, na kuzipanga mezani, akizitazama kwa mara ya kwanza, akitafuta ndani yake nyuso za watu asiowajua. Bi Chenji alimwona. Hasira haikumtoka, ila ilijongea kidogo, ikapisha kitu kingine kikae karibu yake.

"Kitendawili," alisema.

Wote waliinua macho.

"Shemeji, si wakati wa—"

"Kitendawili!"

"Tega," alisema mjukuu.

"Si chako wewe, mama. Kitendawili!"

"Tega," waliitikia wanaume wawili, kwa sauti ya wanafunzi waliochelewa.

"Wanaume wawili walipewa ndizi. Wakala ganda, ndizi wakaitupa."

Mhasibu masikio yalimwiva. Mwalimu aliisogeza kalenda kutoka mahali ilipokuwa, kisha akairudisha. Jibu walikuwa nalo wote wawili. Lilikuwa limewakalia kwenye ulimi. Lakini kulitamka ni kujitaja. Bi Chenji alisubiri. Alikuwa na uzoefu wa kusubiri mtu aliyeficha kitu chini ya kidole.

"Mmeshindwa?"

"Tumeshindwa, mama," alisema Mhasibu.

"Basi nipeni mji."

Maana ndiyo kanuni ya mchezo, kila mtoto anaijua. Aliyeshindwa kutegua hutoa mji, na mtegaji akiukubali ndipo hutoa jibu.

Mwalimu alikuwa mwepesi. "Nakupa mji huu tulipo! Mji mzuri, hauna baridi."

"Huu ninao. Sipewi changu."

"Basi nakupa wa dada yako."

"Nimetoka huko asubuhi, na nauli nilijilipia."

"Nakupa miji kumi ya—"

"Baba mdogo," alisema Mhasibu, "nyamaza."

Aliivuta ramani kutoka chini ya picha za hoteli, akainyoosha kwa viganja, akaigeuza imwelekee mama yake. Kidole chake kilitua pale pale penye duara la wino mwekundu.

"Nakupa huu, mama. Wote. Na meza yake, na kiti chake."

"We!" Mwalimu alisimama. "Na jina langu je?"

"Majina bado hayajatumwa, na tiketi nitazibadilisha. Mama na binti yangu. Mwenye vitendawili, na anayejua kuvitafsiri. Sisi tutakaa nyumbani tuangalie goti la nani sijui."

Bi Chenji aliitazama ramani. Alikuwa na pasipoti, aliitafuta kwa ajili ya kumpeleka mumewe akatibiwe ng'ambo. Mume hakungoja, na kurasa zilibaki tupu. Aliikunja ramani mara nne, akaitia ndani ya mkoba, juu ya viatu.

"Nimeupokea," alisema. "Sasa nendeni mkaninunulie bahasha. Za kaki. Ndogo. Mkileta za dirisha la plastiki nitawarudisha kwa miguu."

Waliandika siku mbili mchana kutwa. Mhasibu aliinua sarafu, Bi Chenji alitaja, akaandika kwa mkono wake. Sarafu mia mbili na kumi na tatu zikapata bahasha, na mara nyingine alisimama kumweleza mwanawe kisa, mara nyingine alikataa tu, akasema, "Hicho utakisikia ukiwa na adabu." Mjukuu alichapa kadi ya kuwekwa mezani, akasoma aliyoamriwa: "'Bahasha hizi ni mpya. Za kwanza zilitupwa na mwanangu na shemeji yangu.'"

"Lazima shemeji atajwe?" aliuliza Mwalimu.

"Ongeza 'mwalimu mstaafu'," alisema Bi Chenji.

Ikabaki ile yenye tundu. Mhasibu aliishika, akaitazama, na safari hii aliuliza. Mama yake alimwambia yote: mikono ya mafuta, behewa, kitendawili, na maneno matatu ya nyuma. Mhasibu aliiweka mezani kama kitu kinachounguza. "Ningejua," alisema.

"Ungegeuza ungejua."

"Nikuandikie mimi jibu lile? Mwandiko wangu wanasema unafanana na wa—"

"Usithubutu." Alisema kwa mnong'ono, na mkono wa mwanawe ukarudi nyuma. "Hiyo haina bahasha. Nitaishika mkononi. Wakiuliza kwa nini, nitawaambia, na nitakuwa bado nimekasirika."

Ijumaa, saa nne asubuhi, majina yalitumwa. Mwalimu alikuwa amenuna kwenye kochi, masanduku mawili miguuni pake, yasiyo yake tena. Aliposikia mlio wa kompyuta aliinua kidole, kama darasani.

"Haya, shemeji. Mji umepewa, umeupokea. Kanuni ni kanuni. Toa jibu."

Bi Chenji alikuwa ameketi akivaa viatu vyake vipya, ili aanze kuvizoea. Alifunga kamba ya kulia, akafunga ya kushoto, akasimama, akalijaribu goti.

"Kanuni ni kwamba mtegaji akipewa mji huenda kwanza," alisema. "Anakula, anakunywa, anawasalimu wenyeji. Jibu nitawapa nikirudi."